Uulizeni Mgongo Kabla ya Kuuchoma Sindano

Nkt! Leo nasonya wazi, na wanakijiwe mnivumilie mpaka nimalize.

Hapa Salamabila mtu akisema "mgongo unaniuma", kijiwe kizima kina dawa na hakuna hata mmoja mwenye swali. Huyu anamwambia akalale wiki mbili asiinuke. Yule anamjua kijana wa sindano, anakuja mpaka nyumbani. Mwingine anamtuma kwa mzee wa kukanda, akairudishe diski iliyochomoka. Kuna wa mkanda, kuna wa chale, kuna wa kichupa cha mizizi kinachotangazwa kuwa ni dawa ya mgongo na nguvu za kiume kwa pamoja. Na mgonjwa, kwa kuwa maumivu yamemshika na watoto wanataka bugali, anafanya yote kwa zamu. Fedha za shule zinakwisha, mgongo uko pale pale, na juu yake ameongezewa hofu kwamba maisha yake ya kazi yamefika mwisho.

Aka! Haiwezekani hivyo. Mgongo unaulizwa kwanza.

Tuanze na mzigo, maana ndio unaotukusanya hapa. Panda kilima cha Mwendamboko au Kakula, huko Namoya. Mchimbaji yuko ndani ya shimo lisilo na urefu wa mtu kusimama, kiuno kimekunjwa, mtaimbo mkononi, kutwa. Mwenzake anapokea kiroba kilichojaa na kukipandisha kwenye ngazi ya miti iliyolowa. Kiroba hicho kilishonwa kwa ajili ya kilo 50 za mchele. Sasa pigeni hesabu. Lita moja ya mchele ni kama gramu 800. Lita moja ya mawe yaliyovunjwa inafika kilo moja na nusu, na yakiwa na maji inazidi. Kiroba kile kile, kikijazwa mawe mpaka mdomoni, kinapita kilo 90. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Maana yake, nusu kiroba cha mawe tayari kinakaribia kikomo cha mwanaume mzima.

Na hili eneo letu la Kabambare linajua mizigo tangu zamani. Misafara ya kutoka Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip kwenda Ujiji ilipita hapa, pembe za ndovu mabegani mwa watu. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulihesabiwa kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, mbali na mkeka wake na chakula chake. Zama zile zilikuwa za ukatili, na wengi walibeba wakiwa watumwa, hakuna anayezitamani. Lakini inauma kuona kijana huru wa leo anabebeshwa karibu mara tatu ya mzigo ule, kisha akifika miaka 28 ameshika kiuno, tunasema ni uvivu au ni uchawi wa jirani.

Wamama nao tuwataje kwa heshima yao. Mama anarudi shambani na kitunga cha mihogo, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, na nyumbani bidoni ya lita 20 inamngoja aende mtoni. Mwenzake anakaa chini miguu imenyooka, anatwanga mawe ya dhahabu toka asubuhi mpaka jua linapinduka. Na mwanamoto wa njia ya Kasongo, pikipiki yenye abiria wawili na gunia nyuma, kila shimo la barabara linampiga kiunoni; mtetemo wa namna hiyo wa muda mrefu unahesabiwa na wataalamu miongoni mwa mambo yanayochosha mgongo.

Sasa mgongo wenyewe. Una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana mpaka kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, kuna diski: nje nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka kwa tabaka, ndani ute mzito. Diski haichomoki ikaenda kutembea. Imeshikwa na mfupa juu na chini. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za nje zinachoka na kupasuka, ute unasukumana kuelekea nyuma, na ukifika kwenye neva inayoshuka mguuni unaikera mpaka inavimba. Hapo ndipo mtu anasema moto unatoka tako unashuka mpaka kidole cha mguu. Karibu mara zote ni kwenye diski mbili za chini kabisa, zinazobeba uzito mkubwa na kupinda kuliko nyingine.

Kwa hiyo, Mzee wa kukanda, mikono yako inalegeza misuli na hiyo ni nafuu ya kweli, Mungu akubariki. Ila usimwambie mtu umerudisha diski, na usimpande mgongoni kwa miguu. Hakuna kidole kinachofika huko. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwili wenyewe unaifanya kazi hiyo: kwa wagonjwa wengi ule ute uliotoka unanywea taratibu kwa miezi, na neva inatulia. Tena wengi wa wanaoumwa mgongo hawana hata shida hiyo ya diski. Wana misuli na viungo vilivyochoka, na kwa kawaida wanapata nafuu ndani ya wiki chache.

Basi maswali. La kwanza: maumivu yanaishia wapi? Yakibaki kiunoni na matakoni, mara nyingi ni mgongo wa kawaida. Yakivuka goti na kufika kwenye unyayo, pamoja na ganzi au kuchomachoma, neva imeguswa.

La pili linaulizwa kwa mikono. Mlaze mtu chali kwenye benchi. Shika kisigino cha mguu unaouma, goti limenyooka, uuinue polepole. Usiharakishe, mtazame usoni. Kabla mguu haujafika juu, tuseme katikati ya benchi na pale ambapo ungesimama wima, kama anashtuka na kusema moto umeshuka mpaka chini ya goti, hiyo ni dalili ya neva iliyobanwa. Akisikia tu kuvutwa nyuma ya paja, hiyo ni misuli iliyokaza, hata mimi na wewe tunayo. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Lasègue. Mwanafunzi wake alikiandika mwaka 1881, na mwaka mmoja kabla yake Mserbia Lazarević alikuwa amekieleza. Zaidi ya miaka 140 kinatumika, na hakihitaji umeme.

La tatu: mwambie atembee kwa visigino, vidole vimeinuka, kisha atembee kwa ncha za vidole. Mguu ukishindwa, kidole gumba kikikataa kuinuka, andika siku na umpeleke. Udhaifu unaoongezeka hausubiriwi kwa kukandwa mawese.

La nne, na hili watu wanaona haya kuliuliza. Papa, mkojo unatoka? Unausikia ukitoka? Ukijipangusa, sehemu inayogusa tandiko unapokaa juu ya pikipiki imekufa ganzi? Choo kinaponyoka bila habari? Miguu yote miwili imelegea? Jibu likiwa ndiyo, hapo hakuna kijiwe tena. Fungu la neva za chini limebanwa, na linahesabiwa kwa saa. Mtu anayefanyiwa upasuaji mapema ana nafasi ya kurudisha mkojo wake na miguu yake. Anayecheleweshwa anaweza kubaki hivyo maisha. Apelekwe hospitali kuu ya zone ya afya siku hiyo hiyo, na hospitali ianze mara moja kutafuta njia ya kumfikisha kwa daktari wa upasuaji wa neva. Haya ya dakika moja isimgharimu mtu miguu.

La tano: kuna homa? Anakonda? Usiku jasho linalowesha shuka, na maumivu hayampi nafasi hata akiwa amelala? Kuna mfupa umeanza kujitokeza katikati ya mgongo? Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Kinakula pingili za mgongo, zinabonyea, kigongo kinatokea, na miguu inaweza kupooza. Mchimbaji anayevuta vumbi la mawe miaka yuko karibu na ugonjwa huu kuliko watu wengi. Dawa zake zinatolewa bure na mpango wa taifa. Zinamezwa kwa miezi mingi, mara nyingi kati ya 9 na 12 kwa mgongo, na watu wanapona. Nkt! Mtu anachanjwa chale msimu mzima juu ya kigongo cha kifua kikuu, na dawa ya bure iko kwenye kituo cha afya!

La sita: ameanguka? Shimo limemwangukia, pikipiki imemtupa? Huyo msimwinue kwa kushika mikono na miguu, wala msimkalishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Shingo na mgongo vibaki mstari mmoja. Mgeuzeni wote kwa pamoja, mmoja ameshika kichwa, mumlaze juu ya mlango au ubao, mumfunge. Mama naye aulizwe ya kwake: mimba, hedhi, uchafu usio wa kawaida, mkojo unaochoma na homa. Maumivu ya kiuno mara nyingine ni figo au kizazi kinaomba msaada. Na mwenye zaidi ya miaka 50 ambaye mgongo umemshika kwa mara ya kwanza maishani, naye aonwe na daktari.

Mtaniambia maswali haya ni ya profesa wa Kinshasa. Aka! Majirani zetu wa Kasongo walishauonyesha ulimwengu kinyume chake. Kuanzia mwaka 1971 madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, pamoja na wenzao wa hapa, walijenga pale mpango wa vituo vya afya vinavyoendeshwa na manesi, na hospitali nyuma yao kwa yanayozidi uwezo. Nesi aliyefundishwa kuuliza kwa mpangilio na kugusa kwa makini alimaliza sehemu kubwa ya magonjwa pale pale kijijini, na alijua lipi la kupeleka juu. Mgongo ni ugonjwa wa namna hiyo hasa.

Ndiyo maana naumia ninapoona familia inauza mbuzi ili mtu akapigwe picha ya sumaku, ile ya IRM, mbali huko, bila hata dalili moja ya hatari. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha hiyo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walionekana na diski iliyovimba kidogo mahali fulani. Walikuwa wazima, wanatembea, wanalala. Picha ina kazi yake: dalili za hatari zikiwepo, au upasuaji ukifikiriwa. Nje ya hapo inamrudisha mtu nyumbani na karatasi ya kumtisha.

Tuje kwenye matibabu. Kulala wiki mbili? Mwaka 1986 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa zaidi ya 200. Walioambiwa wapumzike siku mbili walirudi kazini mapema kuliko walioambiwa siku saba, na hawakuwa na hali mbaya zaidi. Mgongo unaolazwa unadhoofika. Siku ya kwanza au mbili, kama umekaza sana, lala chali na miguu juu ya kigoda, au ubavu na mto kati ya magoti. Lakini kila baada ya muda inuka, tembea mpaka kwa jirani, rudi. Kitambaa cha moto kiunoni kinasaidia. Siku zinazofuata ongeza mwendo. Maumivu kidogo unapotembea hayamaanishi unajiharibu.

Misuli ikianza kutulia, ifundishe kazi tena. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu tano, shuka. Piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kisha ubadilishe. Lala kifudifudi ujiinue polepole kwa viwiko. Maumivu ya mguu yakirudi juu kuelekea kiunoni, unaelekea pazuri, na yakishuka zaidi, acha zoezi hilo. Kidogo kidogo, kila siku. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno: mazoezi, maelezo mazuri kwa mgonjwa, na dawa za jamii ya ibuprofeni kwa anayezifaa. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, na dawa za jamii ya afyuni halikushauri vitumike kama desturi. Tramadoli mnayoimeza mpate kuteremka shimoni iko kwenye jamii hiyo. Inaficha maumivu, inakupa ujasiri wa kubeba usichoweza, kisha inakushika wewe mwenyewe.

Ibuprofeni nayo ina adabu yake: baada ya chakula, siku chache, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mama mjamzito mpaka aulize. Usiichanganye na diklofenaki. Ni ndugu wawili, na pamoja wanatoboa tumbo. Dekzamethazone ya kuchomwa ovyo ndiyo mbaya zaidi: leo unacheza, kesho sukari imepanda, na kifua kikuu kilichojificha kimepata nafasi.

Na sindano yenyewe, wanakijiwe, sikilizeni hili kwa masikio yote mawili. Neva kubwa ya mguu, ile ile tunayoililia ikibanwa na diski, inapita ndani ya tako. Nesi aliyesoma anagawa tako mafungu manne kwa macho, anachagua pembe ya juu ya nje, mbali na njia yake, au anachoma ubavuni mwa nyonga. Kijana wa mtaani anachoma katikati. Sindano ikiipata neva, mtu anasikia shoti mpaka unyayoni, na akishuka kitandani mguu hauinuki mbele, vidole vinaburuta chini, kandambili inabaki nyuma. Alikuja na mgongo ambao ungepoa wenyewe, akaondoka na mguu uliolemaa. Dawa ile ile ipo kwa kidonge. Kwa mgongo wa kawaida, kataeni sindano.

Upasuaji upo, na una wakati wake: neva za mkojo zikibanwa, mguu ukizidi kudhoofika, au maumivu ya mguu yakikataa kupungua baada ya wiki sita au nane za kufanya yote haya. Uholanzi, katika utafiti uliotoka mwaka 2007, wagonjwa 283 wa neva ya mguu waligawanywa: wengine walipasuliwa mapema, wengine wakasubiri wakitunzwa. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Mtu wa hapa, ambaye upasuaji kwake ni safari ndefu na deni la ukoo mzima, ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajauza shamba.

Sasa naja kwa PDG, mabosi wa mashimo, maana wengine hukaa nasi hapa hapa. Nawasikia mkisema: "Aliinama vibaya." Watafiti waliokusanya majaribio ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo hawakuona kwamba mafunzo hayo peke yake yanazuia maumivu ya mgongo. Kukunja magoti na kukumbatia mzigo karibu na mwili ni vizuri, ila kilo 90 zinabaki kilo 90 kwa mwenye kuinama vizuri pia. Mnaoulizwa hapo ni nyinyi, maana uzito wa kiroba mliupanga nyinyi. Mbebaji anayelipwa kwa kiroba hana nguvu ya kusema kisijazwe. Akisema, kuna wengine kumi nyuma yake.

Basi jazeni nusu, mlipe kwa kilo. Anayerudi kutoka kwenye mgongo apewe wiki mbili za kazi nyepesi, asifukuzwe. Viroba vizito vishikwe na watu wawili. Na mizani msiniambie hamna. Hapa Salamabila dhahabu inapimwa mpaka uzito wa njiti ya kiberiti, na watu wanakaribia kupigana kwa njiti moja. Mzani ule mwingine, wa kupimia gunia sokoni, utundikeni kwenye mdomo wa shimo. Kinachozidi kilo 50 kirudi chini kipunguzwe, mbele ya macho ya wote, kila siku ya kazi.